Mguu wa Nyuma Unaoburutwa: Utafutaji wa Chanzo cha Ulemavu wa Farasi na Punda katika Historia ya Kahama na Shinyanga

Utangulizi

Farasi hana historia ndefu katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Wageni wa karne ya 19 waliompeleka bara kutoka pwani walimpeleka kama jaribio, na majaribio mengi yaliishia njiani kabla mnyama hajaiona Tabora. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayetaka kuandika historia ya maradhi ya farasi katika eneo linaloanzia Shinyanga hadi ukanda wa dhahabu wa Geita hulazimika kuandika, kwa kiasi kikubwa, historia ya kutokuwepo kwake, na kumwita punda, nduguye aliyebaki, awe shahidi.

Sura hii inahusu swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo: mnyama wa jamii ya farasi anapoanza kuburuta mguu wa nyuma, chanzo chake ni nini, na nani amekuwa na mamlaka ya kukitaja? Hoja inayojengwa ni kwamba majibu yaliyotolewa tangu katikati ya karne ya 19 yalitegemea kile ambacho mtoa jibu aliweza kukiona, na mara nyingi yalitegemea pia yule aliyetakiwa kubeba lawama. Mchungaji aliyechapa, mdudu aliyepatikana tumboni, nzi, kichaka, na hatimaye mwanakijiji aliyejenga nyumba yake mbali na za wenzake: kila mmoja alipata zamu yake ya kushtakiwa.

Mahali panapochukuliwa kuwa kituo cha uchunguzi ni Nyasubi, kata ya mjini katika Manispaa ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Nyasubi yenyewe haitajwi katika kumbukumbu za wasafiri. Umuhimu wake unatokana na mahali ilipo: upande mmoja kuna njia inayokuja kutoka Tinde, ambako barabara za Nzega, Shinyanga na Kahama hukutana, upande mwingine kuna Ushirombo, Geita na misitu ya magharibi, na katikati kuna mji uliokua kwa mpunga, reli ya Isaka iliyo karibu, na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mizigo mingi ya mji wa namna hiyo, maji, mchanga, matofali na kuni, imezoea kuvutwa na punda. Punda akilemaa mguu wa nyuma, mwenye mkokoteni hupoteza kipato siku hiyohiyo. Swali la chanzo kwake ni swali la chakula.

Ishara moja, vyanzo vingi

Kabla ya kuingia katika historia ni lazima jambo moja la kitabibu liwekwe wazi, kwa kuwa ukosefu wa tofauti hii ndio uliowapoteza wengi wa watu watakaotajwa hapa. Mnyama anayechechemea na mnyama anayeyumba hawaugui kitu kimoja. Anayechechemea ana maumivu, au ana kiungo kisichokunjika vizuri. Mguu ni mzima kimawasiliano na ubongo, ila mwenyewe anaukwepa. Anayeyumba hana budi kuyumba, kwa sababu habari kutoka uti wa mgongo hazifiki mguuni ipasavyo, au misuli imeishiwa nguvu. Kiswahili kina maneno mengi ya kutofautisha hali hizi, yaani kuchechemea, kuchopea, kuyumba, kuburuta na kupooza, na inasikitisha kuwa taarifa nyingi zilizoandikwa na wageni huzifunga zote katika neno moja la udhaifu.

Mganga wa farasi humtazama mnyama akitembea kwa mstari ulionyooka juu ya ardhi ngumu, kwanza kwa mwendo wa pole, kisha kwa mchapuko. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa hunyanyuka unapokanyaga. Wa nyuma ukiuma, macho yaelekezwe kwenye nyonga: ile ya upande wenye maumivu hupanda na kushuka zaidi kuliko ya upande wa pili. Hapo ndipo mkono unapofuata jicho. Kwato huchokonolewa na kubanwa kutafuta jipu, msumari au jiwe; kano hupapaswa kutafuta joto na uvimbe; kiungo hukunjwa kwa dakika moja hivi, kisha mnyama huchapushwa ili kuona kama hatua zimekuwa mbaya zaidi. Tangu matumizi ya kokeini kama dawa ya ganzi yalipogunduliwa mwaka 1884, iliwezekana pia kuufisha neva mmoja baada ya mwingine, kuanzia chini kwenda juu, hadi mnyama atembee sawasawa. Mahali ganzi ilipoondoa kuchechemea ndipo maumivu yalipo. Njia hiyo inatumika hadi leo, kwa dawa zilizo salama zaidi.

Yote hayo hayana faida kwa mnyama anayeyumba. Kwake vipimo ni vingine: huzungushwa katika duara dogo, hurudishwa kinyumenyume, huvutwa mkia akiwa anatembea ili kuona kama anaweza kujizuia. Ncha za kwato za nyuma zilizolika kwa kuburutwa ni ushahidi mzuri kuliko maelezo ya mwenye mnyama. Ikiwa pamoja na hayo kuna homa inayokuja na kuondoka, utando wa macho uliopauka, uvimbe wa miguu na chini ya tumbo, na kukonda ilhali mnyama bado anakula, basi katika nchi ya mbung'o mshukiwa wa kwanza ni nagana, ugonjwa wa vimelea vya tripanosoma ambavyo katika farasi huweza kufika hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kichaa cha mbwa nacho kinaweza kuanza kwa kupooza kwa miguu ya nyuma, na hilo ni onyo kwa yeyote anayetaka kumfungua mnyama kinywa kabla hajajua anachokitafuta.

Kuna pia pepopunda. Ugonjwa huu, unaoingia kupitia jeraha lililochafuliwa na udongo au samadi, hukakamaza misuli ya mwili mzima, na jamii ya farasi huathirika nao kwa urahisi kuliko mifugo mingine. Nicolaier aliuhusisha na kijidudu cha udongoni mwaka 1884, na Kitasato akakiotesha peke yake mwaka 1889. Kiswahili kilimtaja punda ndani ya jina la ugonjwa huo, unaowapata hata binadamu. Jina hilo linatosha kuonyesha kwamba watu wa mwambao walikuwa wamewatazama punda wao kwa makini, hata kama chanzo walikiweka kwa pepo.

Wasafiri na wanyama wao

Mwaka 1866 David Livingstone alishuka kusini mwa pwani, karibu na mto Ruvuma, akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu wa mizigo 2 na punda 4. Nia mojawapo ilikuwa kupima kama wanyama hao wangeweza kustahimili nzi aliyemfahamu vizuri tangu safari zake za kusini mwa Afrika. Livingstone hakuwa mgeni wa jambo hili. Alikwisha kueleza ugonjwa wa nzi katika kitabu chake cha mwaka 1857, na mwaka 1858 alichapisha taarifa fupi juu ya farasi jike aliyeumwa na mbung'o ambaye alimpa aseniki. Mnyama alipata nafuu kwa muda, kisha akafa. Taarifa hiyo inastahili heshima kuliko inayopewa, maana dawa za aseniki ndizo zilizokuja kutumika dhidi ya tripanosoma miongo kadhaa baadaye.

Hata hivyo, jaribio la Ruvuma liliharibika. Askari wa Kihindi waliokabidhiwa wanyama waliwabebesha kupita kiasi, wakawachapa na kuwajeruhi. Ndani ya miezi michache karibu wanyama wote walikuwa wamekufa, na Livingstone katika shajara yake alijikuta hawezi kutenganisha madhara ya nzi na madhara ya fimbo. Aliona nzi wakiwauma wanyama. Aliona pia vidonda vibichi. Mnyama aliyelegea kiuno angeweza kuwa na vimelea damuni, au angeweza kuwa amepigwa juu ya nyonga. Lawama aliziweka zaidi kwa askari, ambao uhusiano wake nao ulikuwa tayari umeharibika. Kama ushahidi wa kisayansi, jaribio hilo ni bure. Kama ushahidi wa kihistoria lina thamani kubwa, kwa sababu linaonyesha wazi tatizo ambalo linaendelea hadi katika mitaa ya Nyasubi: mnyama wa mizigo huugua na kuteswa kwa wakati mmoja.

Miaka mitano baadaye Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo, Machi 1871, akielekea Unyanyembe kumtafuta Livingstone huyohuyo. Msafara wake ulikuwa na punda 27 na farasi 2. Farasi wa kijivu alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Huko Kingaru, si mbali na pwani, katika msimu wa masika, farasi huyo aliugua ghafla akafa. Stanley hakuridhika na maneno, alimpasua. Tumboni alikuta minyoo mifupi minene myeupe 25 iliyojishikiza kwenye ukuta wa tumbo kama ruba, na matumbo yamejaa minyoo mirefu. Akahitimisha kuwa hakuna kiumbe kinachoweza kuishi na uozo wa namna hiyo ndani yake. Farasi wa pili alikufa muda mfupi baadaye, na safari hii chanzo kilichoandikwa kilikuwa saratani ya tumbo.

Hitimisho hilo linahitaji kusomwa upya. Minyoo mifupi iliyong'ang'ania ukuta wa tumbo inalingana na mabuu ya nzi wa farasi, ambao hupatikana hata katika farasi wazima wa afya na mara chache huua. Farasi wawili kufa kwa kufuatana katika muda mfupi, tena wakati wa mvua, kunaelekeza zaidi kwenye tauni ya farasi ya Afrika, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi, ambao huua kwa siku chache kwa kujaza maji mapafuni. Mwaka 1871 hakuna aliyejua kirusi ni nini. Ushahidi kwamba chanzo cha tauni hiyo hupita katika vichujio vya bakteria ulitolewa mwaka 1900. Stanley aliona alichoweza kukiona kwa macho na kisu. Lakini kosa lake ni la aina ambayo wachunguzi wa mizoga huijua: kitu kilichopatikana ndani ya mnyama aliyekufa hugeuzwa kuwa kilichomuua, kwa sababu tu kimepatikana.

Tukio lililofuata mazishi linaeleza jambo jingine. Mkuu wa Kingaru alidai faini ya doti mbili za merikani kwa kuwa mzoga ulizikwa katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley aliisimulia habari hii kwa kejeli, na wasomaji wake wa London na New York bila shaka walicheka. Msomaji wa leo ana sababu ya kusita. Mzoga wa mnyama aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana, umezikwa karibu na makazi, ni jambo ambalo mamlaka yoyote ya mahali ina haki ya kuliulizia. Katika kisa hiki kizima mkuu wa Kingaru ndiye pekee aliyechukulia kifo cha farasi kuwa suala la ardhi na watu wengine.

Kimelea chapatikana

Mabadiliko makubwa yalitokea mbali na Kahama. Mwaka 1894 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipelekwa Zululand kuchunguza ugonjwa ulioitwa nagana. Huko Ubombo, juu ya mlima usio na nzi, aliwashusha farasi na mbwa hadi kwenye ukanda wa nzi na kuwapandisha tena. Aliwaleta pia nzi mlimani na kuwaacha wawaume wanyama wazima. Katika damu ya walioumwa alikuta kimelea chenye mkia wa kupepea, ambacho baadaye kilipewa jina lake, Trypanosoma brucei. Kwa mara ya kwanza mguu dhaifu wa farasi ungeweza kuelezwa kwa tone la damu chini ya darubini. Kimelea ndugu kilikwisha kuonekana na Griffith Evans nchini India mwaka 1880 katika farasi na ngamia waliougua sura, ugonjwa unaofanana sana na nagana kwa uvimbe wa miguu na kulegea kwa sehemu ya nyuma ya mwili.

Robert Koch alipokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897 na 1898 aliuhesabu ugonjwa wa mbung'o na sura kuwa kitu kimoja. Alivutiwa hasa na punda wa Kimasai, ambao aliwaona kuwa wastahimilivu. Fundisho la ndani ya uchunguzi huo, kwamba wafugaji wa Kiafrika tayari walikuwa na mnyama aliyefaa, halikufuatiliwa kwa bidii ileile iliyotumika kuagiza farasi kutoka nje. Mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine, akifanya kazi upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria ndani ya koloni hilohilo, alithibitisha kwamba nzi hambebi kimelea kama sindano chafu inavyobeba uchafu; kimelea hukua ndani yake kwa muda wa wiki kadhaa kabla nzi hajawa hatari. Ugunduzi huo ulieleza kwa nini majaribio mengi ya awali yalitoa majibu yanayopingana.

Ujuzi wote huo haukuwaokoa farasi wa mwaka 1916. Majeshi ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini yaliingizwa Tanganyika chini ya Smuts, nao wanyama wakafa kwa maelfu, kwa nzi, kwa tauni ya farasi, kwa njaa na kwa kuchoshwa. Waliosonga kutoka Mwanza kupitia Shinyanga kuelekea Tabora mwaka huohuo, chini ya Crewe, walitegemea zaidi vichwa na mabega ya wapagazi. Mahali mnyama aliposhindwa, binadamu aliwekwa badala yake. Hesabu ya vifo vya wapagazi katika vita hivyo ni sura nyingine, na ni ya kutisha zaidi.

Shinyanga: kutoka mguuni hadi kichakani

Mwaka 1922 malale ya binadamu yaligunduliwa Maswa. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alikwenda kuchunguza, na aina ya mbung'o iliyopatikana katika nyika ya migunga ya huko ikaitwa kwa jina lake, Glossina swynnertoni. Kwa muda mfupi Shinyanga ikawa moja ya vituo mashuhuri duniani vya utafiti wa mbung'o. Chifu Makwaia wa Usiha aliwaita watu wake kufyeka vichaka kwa maelfu. Moto ulipangiwa msimu. Nzi walipakwa alama za rangi, wakaachwa, wakakamatwa tena ili wahesabiwe, mbinu ambayo C. H. N. Jackson aliiendeleza hadi ikaingia katika vitabu vya ikolojia vya dunia. Swynnerton na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini kazi iliendelea.

Waliotembea kila siku katika njia za kuhesabia nzi, wakiwa na wavu mkononi na mara nyingi wao wenyewe wakiwa chambo, walikuwa vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi. Majina yao ni nadra katika taarifa zilizochapishwa. Takwimu zilizoipa Shinyanga umaarufu zilitoka mikononi mwao, na historia ya sayansi ya Tanzania itabaki nusu hadi orodha za malipo za kituo hicho zisomwe kwa nia hiyo.

Kwa swali la sura hii, kilichotokea Shinyanga ni kuhama kwa chanzo. Bruce alikitoa chanzo mguuni akakiweka katika damu. Kleine akakiweka katika nzi. Swynnerton akakiweka katika kichaka kinachomhifadhi nzi. Na idara ya afya, kwa njia ya makazi ya malale yaliyokusanya watu waliokuwa wametawanyika katika wilaya za magharibi, ikakiweka katika namna ambavyo watu wenyewe walivyokaa. Kila hatua ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kadiri chanzo kilivyopanuka, ndivyo mnyama mgonjwa alivyotoweka katika taarifa. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanyamapori waliuawa kwa maelfu katika jaribio la Shinyanga la kumnyima nzi chakula. Miti iliyofyekwa kwa ajili ya nzi, pamoja na ile iliyokatwa kwa pamba na kuni, iliacha nchi iliyolazimika kurudishiwa uoto kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kuanzia mwaka 1986, kwa kufufua ngitili ambazo wazee walikuwa nazo kabla ya mtaalamu yeyote kufika.

Tinde ilikuwa na kazi yake tofauti. Mwaka 1934 J. F. Corson alianza huko jaribio lililotunza aina moja ya tripanosoma iliyotolewa kwa mgonjwa, ikipitishwa kwa mbung'o kutoka kondoo na swala mmoja hadi mwingine, ili kujua kama ingepoteza uwezo wa kumwambukiza binadamu. Matokeo ya miaka 18 yalichapishwa na Willett na Fairbairn mwaka 1955: uwezo huo haukupotea. Njia ya kulijua jambo hilo ilikuwa moja tu, nayo ni kuwaacha nzi wawaume watu wa kujitolea, kisha kuwatibu. Maana ya neno kujitolea katika koloni, mbele ya daktari mwenye dawa na serikali nyuma yake, ni jambo ambalo maandishi ya kitabibu ya wakati huo hayakujishughulisha nalo. Hatari hiyo ya kuambukizwa haikuwahi kugawanywa sawa kati ya aliyeuliza swali na aliyetumika kulijibu.

Wanahistoria waliofuata waligombania maana ya yote haya. John Ford, aliyekuwa mtaalamu wa mbung'o kabla hajawa mwandishi wa historia, alidai mwaka 1971 kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa zimejifunza kuishi na nzi kwa kumgusa kidogo kidogo, na kwamba sotoka ya miaka ya 1890 na uvamizi wa kikoloni ndivyo vilivyovunja mizani. Helge Kjekshus mwaka 1977 alikwenda mbali zaidi, akionyesha wakulima na wafugaji wa kabla ya ukoloni wakiitawala nyika yao. John Iliffe alikuwa na tahadhari zaidi kuhusu picha hiyo ya utulivu. Mzoga wa farasi wa Kingaru na wanyama wa Ruvuma ni ushahidi unaomfaa zaidi Ford kuliko Kjekshus: mwaka 1866 na 1871, kabla ya sotoka, tayari kulikuwa na mahali ambapo mnyama wa kigeni hakuweza kupita, na wenyeji walijua mahali hapo wasipeleke wa kwao.

Punda wa Nyasubi

Kufyekwa kwa nyika, kuongezeka kwa watu na mashamba ya mpunga kumemwondoa mbung'o katika mji wa Kahama. Punda anayezaliwa na kufanya kazi Nyasubi ana uwezekano mkubwa wa kulemazwa na barabara kuliko na nzi. Nira ya mbao iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe huwekwa juu ya shingo ya punda, ilhali punda huvuta kwa kifua. Mzigo haukai sawa, mgongo hujipinda, na miguu ya nyuma hulipia. Kwato zisizopunguzwa hurefuka na kubadili pembe ya kiungo. Fimbo huangukia palepale pa siku zote, juu ya matako na nyonga. Hakuna darubini inayohitajika kuyaona hayo, na pengine ndiyo sababu hayakuandikwa sana.

Lakini mbung'o hajaondoka mbali. Misitu ya Kigosi na Moyowosi upande wa magharibi bado ni nchi yake, na wanyama hutembea: hununuliwa mnadani, huswagwa kutoka malisho ya mbali, hukodishwa. Mnyama aliyeambukizwa huko anaweza kuonyesha kuyumba baada ya wiki nyingi, akiwa tayari mjini, mikononi mwa mtu wa pili au wa tatu ambaye hakuwahi kumwona nzi yule. Hivyo, swali la Livingstone la mwaka 1866 linarudi bila kubadilika: fimbo au nzi, au vyote viwili?

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na njia ya kulikwepa swali hilo. Biashara ya ngozi za punda iliyokua kwa mahitaji ya China ilifanya punda aliyelemaa awe na bei palepale alipolala, na machinjio ya punda yalifanya kazi Shinyanga. Mwenye mnyama hakuwa na sababu ya kujua chanzo. Viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Februari 2024 kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Tangu hapo punda mlemavu ni tatizo linalopaswa kutibiwa tena, si kuuzwa.

Tiba inayopatikana kwa urahisi ni sindano ya dawa ya nagana. Hutolewa mara nyingi kwa mnyama yeyote aliyekonda na kulegea, bila damu kupimwa, ingawa kipimo si kigumu: tone kutoka mshipa wa sikio, au damu iliyozungushwa katika kijirija cha kioo ili vimelea vikusanyike karibu na tabaka la chembe nyeupe. Isometamidiamu, mojawapo ya dawa zinazotumika sana, huunguza nyama inapochomwa na kuacha uvimbe mgumu, na farasi na punda huathirika zaidi. Ikichomwa nyuma ya paja bila uangalifu, inaweza kumgusa neva mkuu wa mguu, na mnyama aliyeingia akiwa na homa tu akatoka akiburuta mguu. Kwa hiyo, katika uchunguzi wa punda wa Kahama anayeyumba upande mmoja, kabla ya kwato na kabla ya damu, mwenye mnyama huulizwa kama amechomwa sindano wiki hizi, upande gani, na nani.